Muulize Fundi: Ejenti wa AI haulizi, anabuni. Sa doksi za zana yake utazipimaje?

Wiki hizi mbili simu imejaa maswali ya jambo moja tu, ejenti wa AI na blokcheni (lile daftari la miamala lililo wazi kwa wote mtandaoni), naona kila ofisi imeamka na bosi aliyeangalia video. Nimechagua matano, la kwanza refu na jibu lake refu zaidi, mnisamehe, mengine nitayapitia haraka. Na tuelewane mapema, nikisema ejenti simaanishi wakala wa M-Pesa pale kona, namaanisha programu ya AI inayopewa kazi ikajitafutia data yenyewe na kujibu. Doksi ni yale maelezo ya namna ya kutumia zana, mi nimezoea kuyaita hivyo.

Fundi habari za kazi. Mi ni developa kwenye ofisi ndogo Kijitonyama, tunatengenezea watu mifumo. Kuna mteja yuko Dubai anapokea malipo kwa USDT, ile dola ya kidijitali, na anataka ejenti wa kujibu wateja wake lile swali la kila siku, "hela yangu imefika?". Tumepata zana mbili za kuvuta data za blokcheni. Ya kwanza doksi zake nzuri balaa, zina rangi, zina video, zina kitufe cha kujaribu hapohapo. Ya pili iko kama risiti ya EFD, maandishi matupu. Bosi anataka ya kwanza. Moyo wangu unakataa ila sina hoja. Nazipimaje? – Msomaji, Dar

Salama ndugu yangu. Hoja ya kumpelekea bosi ni hii, hizo rangi ejenti hazioni. Video hatazami, kitufe habonyezi. Zana ikiwa imeunganishwa kwa MCP (ule utaratibu wa kuunganisha ejenti na zana, walioutoa kampuni ya AI ya Anthropic Novemba 2024, na 2025 OpenAI na Google nao wakaukubali) anachopokea ejenti ni jina la zana, maelezo mistari kadhaa na orodha ya vigezo vya kujaza, basi. Yaani doksi zenyewe kwake ni ile aya fupi ambayo developa aliiandika saa nane usiku ili amalize akalale. Nimeshaona zana yenye tovuti ya kifahari halafu ukifungua hiyo aya unakuta "inarudisha salio", nukta. Salio la nini? La sarafu ya mtandao wenyewe au la tokeni, yaani sarafu iliyotengenezwa juu ya mtandao kama USDT? Mtandao upi? Kwa kipimo gani? Kimya.

Sa binadamu akikutana na kimya kama hicho anaguna, anaenda kuuliza kwenye grupu la Telegram, anajaribu mara tatu, anaacha anaenda kula. Ejenti haguni. Anaziba pengo kwa kubuni na kazi inaendelea, na jibu linatoka limenyooka utadhani kaandika mhasibu. Kwa hiyo ukizisoma hizo doksi mbili usihangaike na zinasema nini, tafuta zimenyamaza wapi.

Mi huwa naanza na sifuri. Ukiuliza nodi ya Ethereum (kompyuta inayotunza nakala ya blokcheni hiyo) salio la anwani, yaani kama namba ya akaunti, ambayo haijawahi kuguswa na mtu tangu dunia iumbwe, haikwambii kwamba haipo, inakujibu 0x0, yaani sifuri, vilevile kabisa kama ingemjibu mtu aliyekuwa na mamilioni akayamaliza jana. Na anwani inayoanza na 0x inafanana kwenye Ethereum, Polygon, Base, Arbitrum, mitandao yote hiyo. Sa fikiria mteja wa yule bwana wa Dubai katuma hela kupitia Polygon, ambayo namba yake ya mtandao ni 137, ejenti hajaambiwa mtandao akachukua wa kawaida, namba 1, Ethereum, akapata sifuri safi bila kosa lolote, akamwandikia mteja "Samahani, malipo yako hayajafika". Hakuna kilichoharibika popote, kila mashine imefanya kazi yake, na mteja yuko njiani anakuja na ndugu zake ofisini.

Kwa hiyo fungua doksi zote mbili tafuta neno sifuri. Zinasema matokeo matupu yana maana gani? Zinatofautisha "hakuna kitu" na "sikuweza kuangalia"? Zinalazimisha mtandao utajwe au zinajichagulia kimyakimya? Halafu nenda kwenye Tron, mtandao mwingine, maana sehemu kubwa ya USDT duniani iko huko, na anwani za Tron zinaanza na T siyo 0x. Zana yako inasoma Tron? Kama haisomi, imeandika waziwazi kwamba haisomi? Mi mistari ya "hatufanyi hiki" naithamini kuliko kurasa 20 za sifa, kwa sababu ndo inamfanya ejenti aseme "siwezi kuangalia huko" badala ya kusema "hamna".

La pili ni kurasa. Hili niliwahi kuliwa nalo mwenyewe. Nilimfungia jamaa yangu ejenti wa kuhesabu miamala ya mkataba fulani (programu inayoishi ndani ya blokcheni) kila siku, zana sitaitaja. Jumatatu ejenti akaripoti miamala 1,000. Jumanne 1,000. Jumatano 1,000, na akaongeza na sentensi yake kabisa, kwamba shughuli "imeonyesha uthabiti wa hali ya juu". Jamaa akafurahi. Mi nikashtuka Alhamisi, shughuli gani hiyo inatulia namna hii hata sikukuu? Kwenda kuchimba, zana ilikuwa inarudisha rekodi 1,000 kwa ukurasa na zinazobaki unaomba tena kwa alama ya kuendelea, ila hiyo habari ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa bei, chini kabisa, baada ya vifurushi. Kwenye ile aya anayoisoma ejenti hamna. Na jibu lenyewe halikuwa na alama yoyote ya kusema kuna zaidi. Doksi zilikuwepo, ukitaka kubishana mahakamani unashinda, lakini kwa ejenti hazikuwepo.

La tatu, neno "imefika". Ethereum bloku (fungu la miamala) inatoka kila sekunde 12, lakini bloku mpya kabisa siyo kitu cha kuapia, mpaka mtandao uifunge kabisa inachukua kama dakika 13 hivi. Nodi zenyewe zinakuruhusu kuuliza kwa hatua, kuna latest ambayo ni ya sasa hivi, kuna safe, kuna finalized ambayo ndo imefungwa. Zana yako inajibu kwa ipi? Kama doksi hazisemi basi ejenti wako atasema "imefika" kwa maana yake mwenyewe, na mteja wa Dubai ataachia mzigo kwa maana yake mwenyewe. Kuna pia risiti ya muamala, status ikiwa 0x1 umepita, 0x0 umegoma (na gesi, yaani ada ya mtandao, umelipa hivyohivyo), ila risiti ikirudi null, yaani tupu, maana yake bado haijaingia kwenye bloku au nodi haiujui huo muamala. Null siyo kugoma. Nimeona ejenti akimwambia mtu "muamala wako umeshindikana" kwa sababu ya null, mtu akatuma mara ya pili. Doksi nzuri zina sentensi moja hapo inayookoa hela ya mtu.

Ujumbe wa makosa nao uangalie, ila hapa sikai sana. Ile namba ya kosa -32602 inasema tu vigezo si sahihi. Kigezo kipi? Kimekosewaje? Ejenti akipewa hiyo peke yake anabadilisha badilisha vigezo kama mtu anayejaribu funguo za nyumba nzima, na kila jaribio linakula kifurushi. Doksi ziseme kosa hili rudia, hili subiri sekunde kadhaa, hili acha kabisa mwite mtu.

Haya, sasa mtihani, maana kusoma kwa macho hakutoshi na bosi anataka namba. Andika maswali kumi ambayo majibu unayajua tayari. Fungua ejenti mpya asiye na kumbukumbu yoyote, mpe zana na doksi zake tu, intaneti mfungie. Na hapa kuna mtego ambao wengi wanaingia, zana kama ni maarufu modeli (ubongo wa ejenti) ilishaisoma zamani wakati wa kufundishwa, kwa hiyo itajibu vizuri hata doksi zikiwa takataka, wewe utakuwa umepima kumbukumbu ya modeli ukadhani umepima doksi. Dawa yake ni kubadilisha majina ya zana na vigezo kabla ya mtihani, uone kama bado anaelewa kwa maelezo peke yake. Ukitaka ukali zaidi mpe kwanza mtihani bila doksi kabisa, akipata nane kati ya kumi bila doksi ujue hayo maswali hayapimi kitu.

Maswali yenyewe yachanganye. Moja ninalolipenda: bloku namba 15,537,394 ya Ethereum ilitoka lini kwa saa za Dar? Hiyo ni bloku ya kwanza baada ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa mashine, tarehe 15 Septemba 2022, saa 06:42 kwa UTC, ile saa ya kimataifa. Kwetu ni saa tatu na dakika 42 asubuhi. Muda kwenye bloku unakuja kama hesabu ya sekunde tangu 1 Januari 1970, doksi zisiposema kwamba ni sekunde na ni UTC utaona vituko, mmoja ataniambia saa sita na dakika 42 kwa sababu kasahau kuongeza saa tatu, mwingine anaongeza vizuri halafu anaandika saa tisa na dakika 42 asubuhi, hajui sisi saa tunazihesabuje (huyo wa pili siwalaumu wenye doksi, hilo ni jukumu la prompti yako, yale maelekezo unayompa ejenti). Weka swali la anwani isiyowahi kutumika. Weka la anwani ya Tron kwenye zana isiyosoma Tron. Weka la muamala uliogoma. Weka moja la kijinga kabisa, mfano muulize zile BTC 10,000 zilizonunua piza mbili Mei 2010 zilitoka kwenye mkataba gani wa Ethereum, wakati Ethereum yenyewe bloku yake ya kwanza ni Julai 2015. Hapo unatafuta mtu mwenye ujasiri wa kusema swali lako halina jibu.

Kila swali uliza mara tano, maana hawa jamaa leo hawasemi kama jana. Jibu sahihi maksi moja, "sijui" au "siwezi kuangalia" nusu, jibu la uongo lililonyooka toa maksi moja. Mi nimeshaona doksi za rangi zikiambulia hasi. Ukimaliza chukua swali lililomshinda, ongeza sentensi moja tu kwenye yale maelezo, rudia. Kama sentensi moja imeponya basi unajua tatizo lilikuwa doksi, kama haijaponya tatizo ni zana yenyewe au modeli. Na hii risiti yako ya EFD, kama inakuruhusu uandike maelezo yako juu yake, mi ningeichukua hiyo kabla hata mtihani haujaisha.

Sasa Fundi. Niko Nairobi. Zana yetu iko na llms.txt na iko na seva ya MCP yenye karibu vitu 60 ndani, bosi wetu anasema doksi ziko sawa, tumemaliza. Mimi naona ejenti anachanganyikiwa tu. Si hiyo inafaa kutosha ama? – Msomaji, Nairobi

Poa sana. llms.txt ni faili tu, wazo alilolitoa Jeremy Howard Septemba 2024, unaweka pale kwenye tovuti muhtasari na linki za kurasa muhimu kwa maandishi mepesi ili AI isihangaike na menyu na matangazo. Wazo zuri. Lakini ni mlango, ndani ya nyumba unaweza ukakuta hamna kiti. Ifungue hiyo faili bonyeza linki moja moja, uone ngapi zinafika.

Vitu 60 ndo vinanitisha. Kila kimoja na maelezo yake vinaingia kwenye kichwa cha ejenti kabla hujamuuliza chochote, unalipia hayo maneno kila safari. Halafu nina uhakika humo ndani kuna kimoja cha kuleta salio, kingine cha kuleta salio la tokeni, kingine cha kuleta waleti (pochi ya kidijitali), na kingine cha kuleta muhtasari wa waleti, na vyote maelezo yanaanza na "leta taarifa za". Fanya hivi, chukua hayo maelezo, futa majina, mpe mwenzako wa dawati la pili ambaye hajui zana, muulize kwa kila swali la mteja angechukua kipi. Akisita, ejenti naye atasita, tofauti ni kwamba ejenti hasiti kwa sauti. Dawa ni kila maelezo kuwa na sentensi ya "usitumie hiki kama unataka kile, nenda kwa kile pale". Na vipunguzwe, vitu 60 jamani, hata fundi gari haji na spana 60.

Kingine cha kunusa haraka ni umri. Doksi zikiwa bado zinakuelekeza ujaribu kwenye Ropsten, mtandao wa majaribio wa Ethereum uliofungwa 2022, au Goerli uliofuata 2024, jua hakuna mtu amezigusa. Zikisema ada ya Polygon inalipwa kwa MATIC bila kutaja kwamba tokeni ilibadilika kuwa POL Septemba 2024, hivyohivyo. Binadamu anagundua kwa sababu kitu kinagoma, ejenti anaweza kukaa nusu saa anapiga anwani ya seva iliyozikwa.

Assalam aleykum Fundi. Mimi nipo Muscat kikazi, kwetu Pemba. Nimejifungia ejenti aniangalizie USDT zangu. Jana kaniambia nina 0.0000000001. Nikamwambia angalia tena kwenye mtandao wa BNB, akaniambia nina trilioni mia. Nicheke au nilie? – Msomaji, Muscat

Waaleykum salaam. Kwanza pole, pili hongera, kwa dakika moja ulikuwa tajiri kuliko nchi.

Hebu tuliangalie kwa karibu. Blokcheni haijui nukta. USDT 100 kwenye Ethereum imehifadhiwa kama namba nzima 100000000, kwa sababu USDT pale ina desimali 6. Nodi inakurudishia kwa hesabu ya kumi na sita, ukiondoa masifuri ya mbele inasomeka 5f5e100. Ejenti anaibadilisha vizuri, anapata milioni mia, halafu anatakiwa agawanye kwa milioni moja apate 100. Wa kwako kagawanya kwa 1 yenye sifuri 18, kwa sababu ETH, sarafu ya Ethereum yenyewe, ina desimali 18 na tokeni nyingi zina 18 na doksi hazikumwambia vingine, ndo ile 0.0000000001 yako. Ulipomkemea akajirekebisha, akaanza kugawanya kwa desimali 6, sawa, ila safari hii ukawa umempeleka BNB, ambako USDT ina desimali 18. USDT 100 kule ni 1 yenye sifuri 20, ukiigawanya kwa milioni unapata trilioni mia moja. Kwa hiyo mahesabu yake yote mawili yalikuwa sahihi kwa mtandao mwingine, na wewe nakukisia una USDT 100 huku na 100 kule.

Jina moja, tokeni mbili, desimali mbili. Tokeni nyingine nazo, DAI ni 18, WBTC (ile inayofuata bei ya Bitcoin) ni 8, USDC kwenye Ethereum ni 6. Zana iliyoandikwa na mtu mwenye huruma inarudisha vitu vitatu pamoja, namba ghafi, desimali, na kiasi kilichokwishagawanywa, na doksi zinasema kipi ni kipi. Isiyo na huruma inakupa "balance" halafu inakuachia na Mungu. Na hiyo namba ghafi ije ndani ya alama za nukuu kama maandishi, maana lugha ya programu ya JavaScript ikishavuka 9,007,199,254,740,991 namba inaanza kupoteza tarakimu za mwisho kimyakimya, na ETH moja tu kwa wei, kipimo chake kidogo kabisa, imeshavuka hapo mbali sana. Kwa sasa mwandikie ejenti wako kwenye maelekezo: kabla ya kutaja kiasi uliza mkataba wenyewe desimali zake, usikisie.

Fundi, doksi za zana ya kusoma data tu zinaniambia niweke funguo binafsi ya waleti kwenye faili la mipangilio ndo ianze kazi. Ni kawaida? – Msomaji, Arusha

Hapana. Funga, futa, na kama ulishaiweka hamisha hela zako leo kwenye waleti mpya. Kusoma blokcheni hakuhitaji funguo binafsi (siri inayomwezesha mtu kuhamisha hela zako) wala yale maneno 12 ya kurudishia waleti, data ziko wazi kwa kila mtu. Unachoweza kuombwa ni funguo ya API, ile ya kuhesabu matumizi yako, basi.

Na kwa kuwa umegusa usalama niongeze moja ambalo doksi chache sana zinalisema. Jina la tokeni analiandika yeyote anayetengeneza tokeni, hata tapeli. Kuna tokeni zinarushwa kwenye waleti za watu na jina lake ni tangazo zima, nenda tovuti fulani uchukue zawadi yako. Wewe ukiliona unacheka. Ejenti analisoma kama sehemu ya jibu la zana anayoiamini. Ndo maana natafuta kwenye doksi mstari unaosema sehemu hizi zimeandikwa na watu baki, zisichukuliwe kama maelekezo. Vilevile orodha ya miamala ya hivi karibuni, matapeli wanatuma vijisenti kutoka anwani inayofanana na unayoitumia, herufi za mwanzo na za mwisho zilezile, ili ukija kukopi ukopi yao. Mei 2024 mtu mmoja alituma WBTC 1,155 kwa namna hiyo, zaidi ya dola milioni 60, na bahati yake karibu hela yote ilirudi baada ya mazungumzo. Zana inayofupisha anwani ikamwonyesha ejenti mwanzo na mwisho tu na nukta katikati, mi siigusi, hata doksi zake ziwe na dhahabu.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi Dodoma, tunatengeneza ejenti wa kujibu maswali ya blokcheni kwa Kiswahili. Je tutafsiri doksi zote za zana ziwe Kiswahili ndo ejenti aelewe? Mwalimu anasema ndiyo, mimi nina wasiwasi kazi ni kubwa. – Msomaji, Dodoma

Marahaba mwanangu. Msitafsiri zote. Majina ya vigezo yaache yalivyo, ukiandika "anwani" mahali zana inasubiri "address" ombi litagoma na mtashinda hapo mchana kutwa. Maelezo ya kiufundi nayo modeli inayasoma vizuri tu kwa Kiingereza, na Kiswahili mara nyingi kinakula tokeni nyingi zaidi kwa maneno yaleyale (tokeni za modeli hizi, siyo zile za blokcheni, kila fani ina tokeni zake siku hizi).

Kazi yenu iko sehemu ambayo hakuna kampuni ya nje itawaandikia. Mtu wa kwetu hasemi "naomba hali ya muamala". Anasema imegoma. Anasema inazunguka tu. Anasema imekatwa ila haijafika. Anasema inasoma pendi. Kaeni chini na watu kama ishirini, andikeni maneno yao yalivyo, halafu kwa kila neno mwandikie ejenti aangalie nini. "Inazunguka tu" mara nyingi risiti ni null, aangalie kama muamala bado unasubiri. "Imegoma" asiamini moja kwa moja, aangalie status kwanza, maana mtu anaita imegoma hata kama imechelewa dakika mbili. "Imekatwa ila haijafika" hiyo ngumu, inaweza kuwa status 0x0 na kilichokatwa ni gesi tu, au imepita vizuri kabisa kwenye mtandao mwingine, kwa hiyo lazima amuulize alitumia mtandao gani kabla hajajibu chochote, na hilo swali mliandike kabisa kwa maneno yake, kwa sababu ukimwachia atamuuliza mama wa Kongwa "tafadhali bainisha kitambulisho cha mnyororo".

Kurasa mbili zinatosha kuanzia. Mkimaliza nitumieni, nina miamala mitatu iliyogoma ya kuwapa mtihani.